Chai nyeusi haikuchacha

Jumapili iliyopita, nyumbani kwetu Nguba, hapa Bukavu, mama mdogo alirudisha kikombe mezani bila kukigusisha mdomo. Tulikuwa tumepanga vikombe vinne ili tuonje aina nne za majani ya chai. Yeye hupenda kusoma kila kilichoandikwa, na alikuwa ameigeuza pakiti ya chai nyeusi akakuta maneno mawili ya Kifaransa: thé fermenté, yaani chai iliyochachushwa. Tangu abatizwe hajaonja pombe. "Mwanangu," akaniambia kwa upole, "hii imechacha. Mimi sinywi."

Haikuwa mara ya kwanza mwezi huu. Muuzaji mmoja wa soko la Nyawera aliniambia chai nyeusi inatuliza tumbo kwa sababu imechacha kama mashanza, yale maziwa ya mgando. Kijana wa jirani anayesomea kilimo naye akanieleza, kwa uhakika wote, kwamba chai ya kijani na chai nyeusi ni mmea mmoja, ila hiyo nyeusi imechachushwa na bakteria. Nusu ya kwanza ya maneno yake ilikuwa sahihi kabisa. Nusu ya pili ndiyo iliyonikalisha niandike.

Maana yenyewe ni fupi. Chai ya kijani, nyeupe, oolong, nyeusi na pu-erh zote hutoka kwenye kichaka kimoja, Camellia sinensis, kile kile kilichopandwa Mbayo kule Kabare na, ukivuka mto Ruzizi, kule Shagasha kwa Wanyarwanda. Kinachozitofautisha ni yale yanayolipata jani baada ya kuchumwa. Jani la chai nyeusi huachwa linyauke, husokotwa mpaka lijeruhike, huachwa lipate hewa kwa saa moja hadi tatu hivi, kisha hukaushwa kwa moto. Katika saa hizo utomvu wa jani hukutana na oksijeni, na kimeng'enya kilichomo ndani ya jani lenyewe, kile ambacho shuleni tulikiita anzimu, huugeuza. Ukijani unakuwa rangi ya shaba, na harufu ya majani mabichi inakuwa harufu ya matunda au asali. Huko ni kuoksidika. Kuchacha kunahitaji viumbe hai wadogo, hamira au bakteria, wanaokula sukari na kuacha nyuma yao asidi, pombe au gesi. Katika chai nyeusi hiyo si kazi ya hamira wala ya bakteria. Jani limejigeuza lenyewe.

Neno lenyewe ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu Kiswahili kilishalichagua vizuri na sisi tunalitumia vibaya.

Tunasema maharage yamechacha: yamelala nje, asubuhi yana povu na uchachu. Tunasema mchuzi umechacha, na hakuna anayeuliza maana yake, sufuria inamwagwa. Hata chai huchacha. Sahau chai ya maziwa kwenye termosi tangu jana asubuhi, kisha fungua kifuniko leo: hiyo unayoisikia puani ndiyo chai iliyochacha. Watu wa pwani husema pia bahari imechacha, mawimbi yanapopanda na vyombo haviwezi kutoka. Kando yake kuna chachu, ile inayoumua unga wa mkate, na kuchachuka, yaani kufura na kutoa povu. Ukiyasikiliza maneno haya pamoja unasikia mwendo ndani yake, kitu kinachohangaika, kinachopanda, kisichotulia.

Ajabu ni kwamba Kilatini kilisikia hivyo hivyo. Kifaransa kilipata fermenter kutoka fermentum, chachu, na fermentum yenyewe ilitoka kwenye fervere, kuchemka, kutokota. Mtu wa Roma alichungulia chombo cha divai changa akaona kinatokota bila moto. Mswahili alichungulia chungu chake akaona bahari ndogo iliyochafuka. Lugha hizi mbili hazikuzaliwa nyumba moja, lakini zilitazama povu lile lile.

Basi simama mbele ya majani ya chai yaliyosokotwa, yametandazwa kiwandani yakisubiri moto. Hayatoi povu. Hayafuri. Hakuna uchachu puani. Rangi tu inageuka polepole na harufu inakuwa tamu. Mtu anayetumia Kiswahili chake bila kuangalia pakiti asingetamka hapo kwamba majani yamechacha. Neno limetoka kwenye karatasi likaingia mdomoni, na macho hayakuulizwa.

Lilifikaje kwenye karatasi? Kosa ni la zamani na lina heshima yake. Watengenezaji wa chai walikuwa wakiita hatua hiyo uchachushaji kabla sayansi haijajua kuchacha ni nini. Ni mwaka 1857 ndipo Louis Pasteur alipoonyesha kwamba maziwa huchacha kwa kazi ya viumbe hai wadogo. Hata baada yake neno moja, ferment, liliendelea kutumika kwa vitu viwili: kwa viumbe wenyewe, na kwa maji maji yanayogeuza vitu hata pasipo kiumbe. Katika miaka ya 1870 Mjerumani Wilhelm Kühne alitunga neno jipya ili kutenganisha mambo hayo, akaita enzyme. Na neno hilo alilifinyanga kwa Kigiriki chenye maana ya "ndani ya chachu"! Hata dawa ya mkanganyiko ilibeba chachu tumboni. Wanasayansi walihamia neno jipya, viwanda vya chai vikabaki na la zamani, na hadi leo linachapishwa kwenye pakiti.

Wachina nao hutumia neno moja, fajiao, kwa unga wa mkate na kwa jani la chai. Lakini katika kuita rangi wamekuwa waangalifu kutushinda. Hii tunayoiita nyeusi wao huiita hongcha, chai nyekundu, kwa rangi ya maji yake. Jina la heicha, chai nyeusi, wameliweka kwa kundi lingine, yale majani yanayofanyiwa kazi na kuvu na bakteria kweli kweli. Humo ndimo ilimo pu-erh ya Yunnan, jimbo la kusini-magharibi mwa China. Mwaka 1973 kiwanda cha chai cha Kunming kilikamilisha njia ya kuyarundika majani, kuyalowanisha na kuyafunika kwa majuma kadhaa ili viumbe hao wafanye kazi haraka. Chungulia ndani ya rundo hilo utakuta joto na uhai. Hiyo imechacha, na neno fermenté linaistahili. Hata hivyo si pombe, na haimlevyi mtu.

Kwetu Kivu hatuhitaji kwenda Yunnan ili kuelewa tofauti hii, maana tunayo kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Kila aliyekulia vijijini anazijua hatua zake. Kwanza ndizi zinavundikwa, shimoni au juu ya moto jikoni, mpaka ziive. Hakuna aliyetia kitu ndani yake. Ndizi inajigeuza kwa vimeng'enya vyake yenyewe, wanga unakuwa sukari, ganda linakuwa la njano na harufu inajaza nyumba. Mtoto anaweza kuila ndizi hiyo, na mchungaji pia. Kisha zinakamuliwa kwa majani, maji yanawekwa kwenye mtumbwi wa mbao au pipa, yanatiwa unga wa mtama uliokaangwa, yanafunikwa. Ndipo hamira inapoanza karamu yake. Siku mbili tatu baadaye kuna povu, kuna mlio mdogo ukiweka sikio, na kuna pombe.

Kuvundika na kuchachuka ni hatua mbili, na bibi zetu hawakuwahi kuzichanganya. Hakuna aliyeiita ndizi mbivu pombe. Chai nyeusi, ukitaka kuiweka kwenye safari hiyo, inasimama kwenye hatua ya kwanza na kukaushwa hapo hapo. Haifiki kwenye mtumbwi. Ninashawishika kusema majani ya chai yamevundikwa, lakini najua sikio litasikia kuvunda ndani yake, na sitaki kuitoa chai kwenye tusi moja na kuitia kwenye lingine.

Mfano mwepesi zaidi ni avoka. Ikate, iache kwenye sahani, nenda kapige simu. Ukirudi uso wake umekuwa wa kahawia. Nani amewahi kusema avoka imechacha kwa dakika kumi? Kimeng'enya kinachoipaka rangi hiyo ni ndugu wa kile cha jani la chai. Na ukitaka kuizuia chai isigeuke, unaliua jani kwa joto mapema: Wachina hulikaanga kwenye kikaango kikubwa, Wajapani hulipiga mvuke. Unapata chai ya kijani. Oolong ni jani lililoachiwa njia kidogo, kisha likasimamishwa.

Nilisema tulikuwa tunaonja, na ulimi ndio shahidi ninayemwamini kuliko pakiti. Tulifuata kipimo cha waonjaji wa kazi hiyo, kiwango cha kimataifa kilichoandikwa mwaka 1980 kwa jina la ISO 3103: gramu 2 za majani kwa mililita 100 za maji, dakika 6, kifuniko juu. Bila sukari, bila maziwa. Maziwa hasa huficha, kwa sababu protini zake hushikamana na vile vitu vinavyokaza ulimi. Pima kwa mizani, usipime kwa kijiko: majani makubwa yaliyokunjamana hujaza kijiko yakiwa na uzito mdogo, na yale ya punje punje tuliyoyazoea ni mazito, kwa hiyo kijiko kitaidhulumu oolong na kuipendelea ile ya dukani. Mizani ndogo kama ya wanunuzi wa dhahabu inatosha. Kuna jambo moja la Bukavu ambalo vitabu vya ng'ambo havikuambii: tuko kwenye mita 1,500 hivi, na maji yetu hutokota kwenye nyuzi 95, hayafiki 100. Kwa chai nyeusi, mimina yakiwa bado yanatokota juu ya mbabula, jiko letu la makaa, usingoje. Kwa ya kijani kipimo hicho ni kikali. Siku ambayo unakunywa kwa raha tu, acha maji yapoe kwanza.

Halafu tafuta mambo matatu ambayo Kiswahili kinayatenganisha vizuri. Uchungu ni kama wa kwinini. Ukakasi si ladha hasa, ni kukauka, meno yanakuwa kama umeng'ata ndizi mbichi. Uchachu ni wa limau na mashanza, unaotoa mate. Chai ya kijani ilitupa uchungu kidogo na harufu kama ya mboga zilizochemshwa. Oolong ilikuwa na harufu ya maua. Nyeusi ilitupa ukakasi safi na nyuma yake utamu kama wa asali. Pu-erh ilinuka udongo wa msitu baada ya mvua, ikapita laini. Uchachu haukuwepo katika hiyo nyeusi, na haupaswi kuwepo. Ukiusikia katika majani makavu ya chai nyeusi, ujue yalikaa sana kabla ya moto au yalipata unyevu ghalani, na mwonjaji wa kiwandani angeyakataa. Yaani chai nyeusi iliyochacha ipo, na ni chai iliyoharibika.

Ndiyo maana nilimwambia mama mdogo taratibu: "Mama, walioandika hivi hawakukudanganya kwa makusudi, wameshika neno la zamani. Hii haikuchacha. Imepata hewa ikageuka, kama avoka." Akanusa tena. Akaniuliza basi ni ipi mezani iliyochacha kweli, nikamwonyesha pu-erh, nikamweleza kwamba hata hiyo haina ulevi. Akasema hiyo ataiacha kwanza. Nikamwambia ni haki yake.

Kisha akaomba kalamu. Kwenye pakiti ya chai nyeusi akapiga mstari juu ya fermenté, na pembeni, kwa mwandiko wake wa ualimu, akaandika: imegeuka. Pakiti hiyo aliondoka nayo.