Gazeti la Douglass lilivyonusurika moto

Watu wakisikia kazi yangu ni kutunza magazeti makuukuu, hudhani yanayonitoa jasho ni yale ya zamani kabisa. Sivyo. Gazeti la miaka ya 1960 ukilikunja linavunjika kama papadi. La mwaka 1848 ukifunua ukurasa, unalala mkononi kama leso. Sababu ni kwamba ni nguo kweli: wakati ule karatasi ilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani, yakapondwapondwa majini hadi yakawa uji. Karatasi ya mbao iliteka magazeti baadaye, ikaja na lignini na asidi, vitu vinavyoitafuna kutoka ndani mpaka igeuke rangi ya chai.

Nilipowekewa mezani kwa mara ya kwanza toleo la gazeti la Douglass, The North Star, yaani Nyota ya Kaskazini, hilo la pamba ndilo lililonishika. Pamba ya Marekani ya miaka ile, wengi wa walioilima walikuwa watumwa. Na gazeti lenyewe kazi yake ilikuwa kupiga vita utumwa.

Toleo la kwanza lilitoka tarehe 3 Desemba 1847 mjini Rochester, jimbo la New York. Halikuwa gazeti la kwanza la Wamarekani weusi. Freedom's Journal lilitangulia kwa miaka 20. Mwenye The North Star alikuwa Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani katika jimbo la Maryland mwaka 1838, na fedha za kuanzia alichangiwa na marafiki wa Uingereza. Mhariri mwenzake alikuwa Martin Delany. Kurasa 4 kila wiki, dola 2 kwa mwaka, na kaulimbiu yake kwa Kiswahili ingekuwa hivi: haki haina jinsia, ukweli hauna rangi, Mungu ni Baba yetu sote, nasi sote ni ndugu. Jina ni la ile nyota ambayo watoro waliifuata usiku kuelekea Kanada. Manahodha wetu wa mwambao nao huijua. Upande wa kaskazini huuita jaa, kwa jina lake.

Gazeti halikupokelewa kwa vigelegele. Douglass anasimulia kuwa gazeti moja kubwa la New York liliwashauri watu wa Rochester wautupe mtambo wake katika Ziwa Ontario. Fedha nazo zilikuwa za kuungaunga. Aliyeinyoosha daftari ya hesabu ni Julia Griffiths, mama wa Kiingereza aliyehamia Rochester mwaka 1849. Lewis, mwana wa Douglass, alijifunza pale pale kupanga herufi za kuchapia, zile za madini ya risasi. Mwaka 1851 gazeti likaunganishwa na jingine, likaitwa Frederick Douglass' Paper, likaendelea hadi 1860.

Douglass alijiwekea majuzuu yaliyojalidiwa ya magazeti yake, ya tangu 1848 mpaka 1860. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Harvard ikamwomba iyatunze. Hakukataa, ila hakupeleka. Tarehe 2 Juni 1872, yeye akiwa Washington, nyumba yake ya Rochester ikaungua. Familia ilitoka salama, majuzuu yakaisha. Baadaye aliandika kwamba kuchelewa kwake kulithibitisha ukweli wa methali zaidi ya moja. Sisi moja inatutosha: ngoja ngoja huumiza matumbo.

Sasa, tunayoyasoma leo yametoka wapi? Kwa wateja. Gazeti lilisafiri kwa posta hadi miji ya mbali, na kuna waliosoma wakaweka, kisha warithi wao wakakabidhi maktaba. Seti zilizopo zimeunganishwa vipande vipande: toleo hili kutoka sanduku hili, lile kutoka jalada la mji mwingine. Zikapigwa mikrofilamu, yaani picha ndogo sana kwenye utepe wa filamu, halafu picha za dijitali, na Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka mtandaoni mkusanyiko wa magazeti ya Douglass ya 1847 hadi 1874. Ukitafuta neno humo usikate tamaa upesi. Herufi ni ndogo, wino umefifia, na programu ya kusoma maandishi hukosea. Mimi hujaribu tahajia tatu nne kabla ya kusema halimo.

Kuna kitu kimoja ambacho picha hizo mara nyingi hazikupi. Magazeti ya enzi hizo, kabla ya kutiwa posta, yaliandikwa jina la mteja kwa mkono, juu kabisa kwenye pambizo. Wakati wa kupiga mikrofilamu au kujalidi, pambizo ndizo zilizokuwa za kwanza kukatwa. Kwa hiyo nikiweka karatasi chini ya kamera, naacha ukingo mzima uonekane, pamoja na meza nyeusi, upana wa kidole kizima, kuuzunguka. Wenzangu hulalamika kwamba picha hazipendezi. Juzi nimepata jina moja la penseli, nusu yake imefutika, na herufi ya kwanza ni ama M ama W.