Mjamzito wa Bangladesh anahitaji jim ya nini?

Mimi ni mfiziotherapia, kina mama wangu wengi wanatoka Mikindani na mitaa ya mabanda ya Bangladesh hapa Mombasa, na kinachonikera ni zile picha za mazoezi ya mimba, mama kakalia lipira kubwa kwenye sebule ya watu wenye pesa. Huku mtu anaishi chumba kimoja na watoto watatu, hilo lipira alitundike wapi?

WHO mwaka 2020 walisema mjamzito asiye na tatizo apate angalau dakika 150 za mazoezi kwa wiki, na aliyezaa vilevile. Ukizigawa ni kama dakika 20 na kitu kwa siku, na hata ukizikatakata ni sawa. Kupanda kile kilima hadi steji kunahesabiwa, bora pumzi iende mbio kidogo lakini bado waweza kuongea, ukiona hata salamu huwezi kujibu basi punguza. Na msimu wa joto la kaskazi tembea baada ya alfajiri ama magharibi ikikaribia, si saa saba mchana na buibui jeusi, na maji uwe unakunywa.

Wengi huniambia "aah, mimi nabeba maji kila siku, mazoezi gani tena?" Mtungi wa lita 20 ni kilo 20 dada, huo ni mzigo. Chukua vidumu viwili vya lita tano, kila mkono kimoja, urudi tena, na baba watoto kama yupo si ana mikono?

Kwenye arobaini ndo huwa tunavutana. "Mzazi hatoki, atapigwa na baridi." Sawa mamangu, asitoke, lakini azunguke humo uani, manake wiki za mwanzo baada ya kuzaa damu huganda miguuni kwa urahisi, na kulala kutwa kunazidisha. Uji wa pilipili manga mpeni tu, mkaja wa kufunga tumbo pia sina neno nao, ila usikazwe mpaka mtu ashindwe kuvuta pumzi.

Halafu hii ya mkojo kuponyoka ukicheka, watu wanaionea haya wananyamaza miaka. Bana kule chini kama unazuia mkojo na ushuzi pamoja, hesabu hadi tano, achia, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Waweza kufanya ukinyonyesha, ukiwa matatuni, hakuna atakayejua.

Aliyepasuliwa atembee polepole, asiinue kizito kumshinda mtoto mpaka kliniki ya wiki sita. Ukiona damu ukiwa mjamzito, ama iliyozidi baada ya kuzaa, maji yanatoka kabla ya wakati, kizunguzungu, kifua kinauma ama mguu mmoja umevimba na kigimbi kinauma, acha kila kitu uende hospitali siku hiyohiyo.