Mtoto wa degedege hayumo kwenye dodoso la malaria

Mwanafunzi akiniletea tasnifu inayosema imechanganya takwimu na mahojiano, huanza kutafuta mahali ambapo maneno ya watu yamebadilisha hesabu, au hesabu imemrudisha mtafiti kwa watu. Mara nyingi sipaoni. Nakuta sura ya nne ya majedwali, sura ya tano ya nukuu, na sura hizo hazijuani. Inaniuma, kwa sababu kazi ya kuzunguka kaya juani amekwisha kuifanya.

Darasani hutumia mfano wa degedege. Miaka ya 1990, watafiti waliokaa na kinamama Bagamoyo waligundua kwamba kwa wazazi wengi malaria na degedege ni magonjwa mawili. Malaria ni homa, na homa ni ya hospitali. Degedege ni mtoto kukakamaa na macho kugeuka, na chanzo chake kilitajwa kuwa shetani. Wapo walioamini kwamba mtoto huyo akichomwa sindano atakufa, hivyo afukizwe kwanza. Daktari akimwona mtoto yuleyule, huwaza malaria kali.

Sasa chukua dodoso linalouliza, "Je, mtoto aliugua malaria?" Mama atajibu hapana, na atakuwa anasema kweli kama anavyoijua. Ukihoji kaya elfu tano badala ya mia tano, kosa halipungui hata kidogo. Utakachopata ni asilimia ileile yenye kosa, safari hii ukiwa na imani nayo zaidi.

Lakini maelezo ya namna hii yana nguvu ya kuteka. Ukishayasikia, ni rahisi kuhitimisha kwamba watoto hufa kwa sababu wazazi hukimbilia kwa waganga. Rufiji walihesabu. Kulikuwa na mfumo wa kuandikisha vizazi na vifo, na baada ya kifo mhojaji alikwenda kwa wafiwa kuuliza ugonjwa ulianzaje na mgonjwa alipelekwa wapi. Katika vifo 320 vilivyohusishwa na malaria kati ya 1999 na 2001, asilimia 78.7 walianza na tiba ya kisasa, ya dukani au ya kituo cha afya. Walioanza na tiba ya jadi walikuwa asilimia 9.4 tu, na kuwapo kwa degedege hakukubadili mwelekeo huo.

Sikubali mtu akisema Rufiji iliwaumbua watafiti wa Bagamoyo. Rufiji si Bagamoyo, na waliohesabiwa ni waliofariki, si wote waliougua. Tena, kazi ya aina ile ya Bagamoyo ndiyo inayomfundisha mhojaji aulize degedege kwa jina lake. Hesabu ilichofanya ni kugeuza swali. Tulikuwa tunauliza kwa nini hawaji hospitali. Sasa tunapaswa kuuliza, walipokuja, walikuja siku ya ngapi na walipewa nini? Hiyo ilikuwa enzi ya klorokwini, dawa ya malaria iliyokwisha kuzoewa na vimelea vya ugonjwa huo, hadi Tanzania ikaiacha kama dawa ya kwanza mwaka 2001.

Swali hilo jipya linadai ukae tena na mama, akusimulie siku baada ya siku. Kwa hiyo huwaambia wanafunzi watenge nauli ya kurudi kijijini baada ya uchambuzi. Bajeti nyingi ninazoletewa hazina safari hiyo.