Ukirudi kutoka tarajali ya ng'ambo, usinianzie na treni

Wiki hii nimeulizwa tena: "Mhandisi, nikipata tarajali ng'ambo si ndiyo mambo yameshanyooka?" Nimechoka kulijibu hili mmoja mmoja, kwa hiyo naliandika hapa. Hayanyooki.

Makaratasi kwanza, tuyamalize haraka. Nafasi zipo tangu zamani. IAESTE, shirika la kubadilishana wanafunzi wa fani za ufundi, lilianzishwa 1948. Lakini Mkataba wa Washington wa 1989, ambao nchi wanachama hutumia kutambuliana masomo ya uhandisi, unahusu shahada. Cheti chako cha miezi mitatu hakimo. Bodi za usajili nazo kwa kawaida hutaka miaka ya kazi baada ya kuhitimu, chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Hilo limeisha.

Kinachoniudhi ni kwamba vijana wanachanganya nchi na fani. Nasaili wahitimu kila mwaka. Kijana anasema anataka usanifu wa miundo kwa sababu alikaa kwenye ofisi ya miundo nje, akaipenda. Namuuliza alipenda nini. Treni zinafika kwa wakati. Ofisi tulivu. Msimamizi anajibu barua pepe siku hiyo hiyo. Ndugu yangu, hapo umenieleza mahali; miundo yenyewe hujaigusa! Ungepelekwa kiwanda cha pampu ungerudi unataka pampu. Na unataka kuamua kazi ya miaka 30 kwa ushahidi huo.

Kinyume chake kinaniuma zaidi. Nilimfahamu kijana aliyekuwa na jicho la ajabu kwa udongo. Alipelekwa kampuni ya misingi wakati wa baridi kali, hakuijua lugha, hakuwa na rafiki. Alirudi akasema jioteknolojia, yaani uhandisi wa udongo na misingi, haimfai, akaiacha kabisa. Nilipomchimba, alichokichukia ni upweke, na giza kuingia saa kumi jioni. Udongo haukumkosea kitu.

Mimi nilikwenda Ujerumani nikiota kusanifu madaraja, nikawekwa maabara ya zege. Mkuu wa kitengo alimaliza wiki sita bila kulijua jina langu. Kazi yangu ilikuwa kusaga ncha za silinda ziwe bapa, kuweka sampuli kwenye mashine, kuvunja, kuandika. Zege la C30/37 nililijua kwa kukariri: mchanganyiko mmoja, ukiupima nguvu kwa silinda unahesabu megapaskali 30, kwa mchemraba 37. Kule ndiko nilikoelewa kwa nini. Sahani za mashine hushika ncha za sampuli kwa msuguano. Mchemraba ni mfupi, kwa hiyo mshiko ule unaenea karibu mwili mzima na kuuchelewesha kupasuka. Silinda urefu wake ni mara mbili ya kipenyo, katikati iko huru, na ndipo inapoachia. Mzigo unapanda taratibu, kama megapaskali 0.6 kwa sekunde, nawe umesimama unasubiri. Kisha mlio. Kuta nne za mchemraba zinabanduka, panabaki kitu kama piramidi mbili zilizogusana vichwa. Nilikuwa nabaki baada ya saa za kazi, nimechuchumaa, navipanga vile vipande nione ufa ulianzia wapi. Hakuna aliyenituma.

Mahali palinishinda, kazi ikanishika, ndiyo maana naamini ushahidi ule. Leo kazi yangu ni kuchunguza majengo yenye nyufa. Daraja sijawahi kusanifu hata moja.

Ila nisijifanye nina hakika ya yote. Chuoni kwetu mashine kama ile ilikuwepo, nikapita mbele yake miaka minne bila kusimama. Huenda nilichohitaji hakikuwa safari, bali miezi mitatu ya kuachwa nayo peke yangu. Na wapo wenzangu waliopewa ajira kule kule, kwa hiyo wanaoamini kuwa mlango hufunguka hawajakosea kila mara. Tena mwaka wangu wa kwanza baada ya kurudi ulikuwa mbaya: kila nilichoona saitini nililinganisha na kule, nikakaribia kuiacha fani. Kama msimamizi wangu asingenivumilia, ningekuwa nasema leo kwamba tarajali ya nje iliniharibu.

Siku hizi kwenye usaili nauliza swali moja: ni kazi gani uliirudia bila kutumwa? Mwezi uliopita binti mmoja alinijibu kwamba alikuwa akienda maabara Jumamosi kusoma geji ya sampuli ya udongo wa mfinyanzi iliyokuwa ikikandamizwa, kwa sababu kila mzigo hukaa saa 24 na hakutaka usomaji upotee. Akachukua kalamu yangu, akanichorea mkunjo wa mnyweo, yaani mchoro wa jinsi udongo unavyonywea chini ya mzigo, akanionyesha mahali alipodhani sampuli ilivurugwa wakati wa kukatwa. Tulibishana juu ya mkunjo ule karibu nusu saa. Alipoaga, hakuna kati yetu aliyekuwa ameitaja nchi.