Maji ya adhuhuri hayaunguzi majani

Vuli ikija na mawingu na ubaridi kidogo, mkulima wa mboga husahau kumwagilia. Likichomoza jua la ghafla saa saba mchana, mchicha umelala, tungule zimenyong'onyea, naye bado anangoja jioni. Unguja na Pemba wengi tumelelewa hivyo: ukimwagilia juani, tone hugeuka lenzi, yaani kioo kinachokusanya miale ya jua, na kuunguza jani.

Si kweli. Tone likitua kwenye jani laini hutandaa, na miale inayopita ndani yake hukutana chini zaidi ya jani. Watafiti wa Hungary walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2010: majani laini hayakuungua. Yaliyoungua ni yenye vinyweleo vinavyoliinua tone, na shambani tone kama hilo huanguka au kukauka mapema.

Basi yale madoa ya kahawia? Yatazame kwa karibu. Yakianzia ukingoni na kuingia ndani, onja maji ya kisima chako. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi, nayo hubaki maji yakikauka. Hapo mwagilia shinani, usilowanishe majani.

Asubuhi ndiyo saa bora. Jioni majani hulala yamelowa na ugonjwa wa ukungu hupata nafasi. Lakini ukikuta mmea umenyauka mchana, chomeka kidole kwenye tuta. Bilingani huweza kunyauka hata udongo ukiwa na maji, na jua likipungua husimama lenyewe. Kidole kikitoka kikavu, upe mmea maji saa ileile.