Mashada Saba ya Mwenzake: Wivu wa Vijana Unapofika Ofisi ya Ustawi wa Jamii

Msimu wa mahafali ya kidato cha nne ukifika, pita Mwanjelwa, hapa Mbeya, jioni uone mashada ya karatasi za kung'aa yanavyoning'inizwa kando ya barabara. Sisi wazazi tunapatana bei, tunanunua, tunasahau. Wanafunzi wanayahesabu.

Hilo nilifundishwa na binti mmoja aliyeletwa ofisini kwetu, Ustawi wa Jamii, na mama yake (mambo madogo nimeyabadilisha ili asitambulike). Alifungua akaunti kwa jina na picha za rafiki yake, akaandika humo machafu kuhusu walimu na wavulana. Nilipomuuliza kulikoni, nilitegemea kusikia habari za mvulana. Alikaa kimya, akivuta uzi uliochomoza kwenye mkono wa sweta la shule, mpaka sweta likaanza kufumuka. Kisha akasema, "Yeye alivishwa saba. Mimi moja, la mama." Na mama mwenyewe amekaa palepale, mkoba mapajani.

Mitaani tunachanganya wivu na husuda, na katika kazi yetu kuvitenganisha kunasaidia. Wivu husema, "Na mimi nipate." Husuda husema, "Na yeye akose." Wa kwanza kila mtoto anao, na watu wazima tusijifanye hatuna. Ya pili ni mbaya, lakini hata hiyo peke yake haimfikishi mtoto polisi. Kwa ninavyoona mimi, kinachomsukuma hatua ile ya mwisho ni aibu, au hofu ya kuaibishwa.

Vijana wetu wanaangalia sana filamu za wivu wa namna hii vibandani, DJ akitafsiri kwa mbwembwe. Mojawapo, iliyoonyeshwa na televisheni ya NBC ya Marekani mwaka 1994, ilitokana na tukio la kweli. Juni 1984, katika mji wa Orinda, California, msichana wa miaka 15 alimuua kwa kisu mwanafunzi mwenzake wa umri huohuo, mmoja wa wasichana waliopendwa sana shuleni. Muuaji alikuwa amekosa nafasi katika kikundi cha washangiliaji wa michezo ya shule, mwenzake akapata. Alitaka urafiki, akakataliwa. Alipokiri, Desemba mwaka huo, alieleza kuwa aliogopa mwenzake angewatangazia wanafunzi kwamba yeye si mtu wa kawaida. Alitoka kifungoni mwaka 1992.

Filamu za aina hii hupenda kukaa kwenye nywele, nguo na magari. Mimi kinachonishika ni ile karibu miezi sita kabla ya kukiri, mtoto anakula mezani na wazazi wake na siri ile tumboni. Mtoto anayeogopa aibu hujua kuficha kuliko tunavyodhani.

Na sisi huku Nyanda za Juu Kusini aibu tunaigawa bure. Matokeo yanabandikwa ukutani, wa kwanza hadi wa mwisho. Mwanafunzi anaitwa mbele ya mstari asubuhi ya baridi, anasemwa shule nzima ikisikia. Nyumbani nako, "Mwone mwenzako wa jirani!" Siku hizi yote hayo yanapigwa picha, jioni yako kwenye status. Shule zinakataza simu, sawa, lakini simu ya shangazi ipo.

Upande wa sheria nitasema kwa ufupi, kwa sababu wazazi wengi hudhani mambo ya mtandaoni ni utoto tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inaweka faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili, kwa unyanyasaji wa mtandaoni. Kujifanya mtu mwingine ni kosa linalojitegemea. Aliye chini ya miaka 18 hahukumiwi kifungo cha jela. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampeleka Mahakama ya Watoto, ambayo hapa Mbeya ipo, na shauri husikilizwa faragha. Lakini anaweza kuamriwa kwenda Shule ya Maadilisho Irambo, ya kuwarekebisha watoto waliovunja sheria, na huko si likizo.

Kwa hiyo ukimwona kijana amebadilika ghafla kwa rafiki wa siku zote, anamcheka kila akitajwa, anataka kujua kila anachofanya, usianze na "Una wivu wewe!" Hapo umemfungia mlango. Muulize, mkiwa wawili tu, ni lini alijisikia mdogo. Subiri jibu, hata kama ugali unapoa. Akishafanya kosa, lisimalizwe hadharani. Dawati la Jinsia na Watoto polisi lipo, sisi tupo, na namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto hupigwa bure.

Yule binti alifuta akaunti mbele yetu. Shule ilitaka aombe radhi mstarini. Tuliwasihi, wakaelewa, akaombea radhi ofisini kwetu, watu watano tu. Rafiki yake alilia kidogo. Alipoambiwa habari ya mashada akainua uso, akamtazama mwenzake kwa mshangao.

"Manne nilinunua mwenyewe," akasema. "Niliwapa binamu zangu wanivishe."