Sanaa ya Jamii ya Hadharani ni Nini? Mji na Urithi Wake wa Nguo

Sanaa ya jamii ya hadharani ni kazi ya sanaa inayowekwa mahali ambapo mpita njia yeyote anaiona bila kukata tiketi, na ambayo wakazi wa mahali hapo wameshiriki kuiamua au kuitengeneza. Masharti yote mawili lazima yatimie. Sanamu ya shujaa iliyoagizwa na serikali na kusimamishwa kwenye mzunguko wa barabara iko hadharani kweli, lakini kama hakuna mkazi aliyeulizwa lolote, hiyo ni sanaa ya serikali iliyowekwa nje.

Miji iliyokua kwa viwanda vya nguo ina bahati yake katika jambo hili. Kiwanda kikifungwa, ajira zinakwenda na mashine zinauzwa vyuma chakavu, ila michoro inabaki: maua ya lesi, mistari, mirabaraba. Msanii anakuta nusu ya kazi imeshafanywa na mafundi waliomtangulia. Ndiyo maana utaona urithi wa nguo ukitajwa katika miradi mingi ya namna hii, wakati mwingine kihalali, wakati mwingine kama pambo tu la hotuba.

Chukua Nottingham, Uingereza, mji uliovuma kwa lesi za mashine katika karne ya 19. Mtaa wa maghala yake hadi leo unaitwa Lace Market, yaani Soko la Lesi. Mwaka 2009 jumba la sanaa la Nottingham Contemporary lilifunguliwa ukingoni mwa mtaa huo. Wasanifu wake, Caruso St John, walichukua mchoro wa lesi ya zamani ya mji huo, wakaukuza, wakautengenezea kalibu za mpira, kisha wakamwagia zege. Ukiwa mbali unaona kuta za kijani tu. Ukisogea, maua na vikonyo vinajitokeza, na unaweza kuvifuata kwa kidole. Mimi nalipenda jengo hilo. Lakini kwa maana tunayoieleza hapa, kuta zile ni kazi ya wasanifu: urithi wa nguo upo, uhadhara upo, mkono wa wakazi haupo.

Mkono huo unaonekana zaidi Philadelphia, Marekani, mji mwingine wa nguo, ambako mtaa wa Kensington ulijaa viwanda vya mazulia, lesi na soksi. Mpango wa michoro ya ukutani, ambao leo unaitwa Mural Arts, ulianza mwaka 1984 kama njia ya kuwapa vijana waliokuwa wakichafua kuta kazi ya kuzipamba. Utaratibu wake ni huu. Msanii hukutana na wakazi, husikiliza, hurudi na mchoro, nao huukosoa. Ukikubaliwa, hauchorwi ukutani moja kwa moja. Hugawanywa vipande na kuhamishiwa kwenye kitambaa chepesi cha sintetiki, na kila eneo hupewa namba ya rangi yake. Mtoto wa shule na bibi asiyewahi kushika brashi wanaweka rangi ya 7 penye namba 7. Baadaye vipande hubandikwa ukutani kwa gundi ya akriliki, na ukipita hutambui kwamba unatazama kitambaa. Hata wafungwa wa gereza la Graterford walichora hivyo, kwa ajili ya kuta wasizoweza kuzifikia.

Skoti ni kisa tofauti kidogo. Kazi iitwayo Great Tapestry of Scotland, iliyochorwa na Andrew Crummy, ina paneli 160 zilizotariziwa kwa sufu juu ya kitani na watu wapatao 1,000 kutoka pande zote za nchi. Tangu 2021 inakaa Galashiels, mji wa viwanda vya sufu. Iko ndani ya jumba, kwa hiyo mtu mkali wa tafsiri anaweza kuikataa. Mimi ningeipokea, kwa sababu ya hiyo mikono 1,000.

Ugumu wenyewe uko kwenye kuamua ni kumbukumbu ya nani inayopanda ukutani. Ua la lesi halimuudhi mtu. Lakini Kensington hiyohiyo, mwaka 1903, wafanyakazi wa nguo waligoma wakitaka wiki ya kazi ishuke kutoka saa 60 hadi 55, na miongoni mwao walikuwamo maelfu ya watoto. Mother Jones, mwanaharakati wa haki za wafanyakazi, aliongoza baadhi yao kwa miguu kuelekea nyumbani kwa Rais Theodore Roosevelt, Oyster Bay, naye akakataa kuwaona. Mradi unaowauliza wakazi kwa dhati lazima uwe tayari kupokea habari kama hiyo, hata kama mfadhili alitarajia maua.

Halafu kuna suala la umiliki. Mchoro ni wa jamii, ukuta ni wa mtu. Philadelphia imepoteza michoro kadhaa kwa sababu kiwanja cha jirani kilikuwa kitupu, kikanunuliwa, na jengo jipya likasimama mbele yake.